Tamko la wakulima na wafugaji wa Zagayu kuhusu tafiti zinazofanywa vijijini mwetu

Sisi wanachama wa chama cha wakulima na wafugaji cha Zagayu, kata iliyokuwa Bariadi kabla Itilima haijawa wilaya, tunatoa tamko hili kwa watafiti wa jamii na mazingira, vyuo wanakotoka, wafadhili wao, na ofisi zinazowagongea mihuri barua za utambulisho.

Hatupingi utafiti. Tunaolima pamba juu ya udongo wa mbuga, na mvua imekuwa haitabiriki, tunahitaji wa kutuchunguzia mambo kuliko wengi. Tunachokataa ni kuulizwa mwaka hadi mwaka na kutoambiwa lolote.

Usukuma haukuanza kutafitiwa jana. Enzi za mkoloni watafiti wa mbung'o waliweka makao Shinyanga, na dawa yao ilikuwa kufyeka vichaka ili mbung'o wakose makazi na ng'ombe wapone nagana. Watu wakatoka na mashoka. Mbung'o wakapungua kweli, na miti ikaenda nao. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga wengi na ngitili za ukoo wao, yaani malisho waliyoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao wakati huo Bariadi ilikuwa sehemu yake, kwa kuwa nchi ilikuwa inageuka jangwa.

HASHI ilianza na vitalu vya miche. Ilishika kasi pale wataalamu walipowaketisha wazee na kuwauliza zamani ng'ombe walilishwa nini kiangazi. Jibu lilikuwa ngitili: eneo linalofungwa masika, nyasi na miti ikaachwa ijiotee, kisha likafunguliwa kwa zamu ukame unapokaza, na anayevunja mwiko akatozwa faini na dagashida, baraza letu la jadi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, katika vijiji 833. Hilo lilitokana na swali lililoulizwa kwa mtu sahihi.

Mwaka 2005 Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN walitoa makadirio kwamba ngitili ziliwapa watu faida ya dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Ilionekana pia kwamba wenye ardhi kubwa walifaidi zaidi ya wengine. Hotubani husikika hizo dola 14 tu.

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hulikwepa mgeni akiwepo. Kuni zinapokosekana, mama anapikia kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba. Moshi wake ni mkali. Akipika hivyo miaka thelathini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yanakuwa mekundu. Na katika Usukuma wetu, tunakiri kwa aibu, bibi mwenye macho mekundu ameitwa mchawi, akapigiwa ramli, akakatwa mapanga usiku. Mara nyingi ni mjane, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba ambalo mtu analitamani. Wasomi wetu, akiwemo Simon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameandika juu ya mauaji haya kwa miaka mingi. Lakini anayehesabu miti huja peke yake na dodoso lake, anayehesabu maiti huja na lake, na jiko linalounganisha mambo hayo mawili haliingii katika dodoso lolote. Tunataka waje pamoja.

Na sisi tuna lawama yetu. Tumekuwa tukidanganya. Ukimuuliza mfugaji hadharani ana ng'ombe wangapi, atakupa nusu, pengine robo. Wazee wanaukumbuka mpango wa Usukuma ulioanza 1947, serikali ya kikoloni ilipohesabu mifugo ili ipunguzwe. Isitoshe, katika zizi moja kuna ng'ombe wa shemeji, wa rafiki na wa mahari ambayo haijamalizika kulipwa. Ukiona ng'ombe kumi na wawili zizini, si wote wa mwenye boma. Dodoso lenye kisanduku kimoja cha namba litapata uongo, na uongo huo utapangiwa bajeti.

Kwa hiyo tunadai kwamba kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na barua ya wilaya visichukuliwe kuwa ndiyo ridhaa yetu. Mtafiti aje kwenye mkutano mkuu wa kijiji aeleze anachotafuta, na maswali yajaribiwe kwanza na watu wetu, wakiwemo wanawake wanaokaa jikoni na vijana wachungaji. Matokeo yarudi kwenye mkutano huohuo, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, kabla hayajapelekwa kwenye makongamano. Jina na picha ya mjane aliyenusurika kuuawa visitolewe popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na aliyenusurika anaendelea kuishi jirani na waliomshutumu. Wanaochunguza uharibifu wa tembo mashambani mwetu nao wafuatilie mpaka chanzo chake, wasiishie kuuliza kifuta jasho cha Serikali kilichelewa miezi mingapi. Wasije wakati wa palizi. Soda na kilo ya sukari tunashukuru, ila havilipi siku ya jembe.

Kuanzia sasa, kwa uamuzi wa wanachama, kila mtafiti atakayehojiana nasi ataandikwa kwenye daftari la chama: jina lake, chuo chake, alichouliza, na tarehe aliyoahidi kurudi. Mwanachama yeyote ana haki ya kukataa dodoso la mtu ambaye ahadi yake imepita. Daftari litasomwa kwa sauti kila mkutano mkuu wa kijiji, na nakala ya tamko hili itabandikwa ofisi ya mtendaji wa kata, ambako barua za utambulisho huanzia kusomwa.