Buloni tatu, moja iko na joto



Mwezi huu nimeweka kando habari niliyotaka kuandika, juu ya barua ya kijana mumoja wa Likasi. Yeye ni fundi wa umeme katika kompani moja inayofanya kazi ya mawe. Wamemupa kamera inayopiga picha ya joto, azunguke nayo mbele ya tablo zote za umeme. Katika tablo moja ameona buloni tatu zinazofunga kable za fazi tatu. Mbili zilikuwa na degere 41 na 42. Ya tatu ilikuwa na 68. Akaonyesha shefu wake. Shefu akacheka: maji yanachemka kwa 100, sasa 68 ni nini? Kazi haitasimama juu ya buloni moja. Kijana anauliza: aandike katika raporo, ao anyamaze, kwani iko na muke na mutoto, na kontra yake ni ya miezi sita tu?

Tuanze na umeme, kwa sababu mutu asiyefahamu picha yake hawezi kuitetea mbele ya mukubwa.

Kila kitu chenye joto kinatoa mwangaza ambao macho yetu hayaoni. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aligawanya mwangaza wa jua katika rangi zake, akaweka kipimo cha joto katika kila rangi. Kipimo alichoweka pembeni ya rangi nyekundu, pahali penye giza, ndicho kilipanda zaidi. Mwangaza ule tunauita infraruji. Mwaka 1965 kompani AGA ya Uswidi ilianza kuuzisha mashini ya kutazama infraruji kwa kuchunguza nyaya za umeme. Mashini za siku zile zilikuwa nzito, na zilipaswa kupozwa na naitrojeni ya maji, yenye baridi ya degere 196 chini ya sifuri. Leo fundi anabeba kamera yake kwa mukono mumoja.

Sasa, kwa nini buloni ipate joto? Wazia watu wanatoka kanisani siku ya mungu. Mulango ukiwa wazi wote, wanapita vizuri. Ukifunga nusu yake, watasukumana palepale kwa mulango, hata kama kiwanja kiko kitupu. Vile vile umeme. Buloni ikilegea kwa kutetemeka kwa mashini, ao vumbi na kutu vikiingia, ao aluminyumu ikigusana na shaba bila kutengenezwa vizuri, njia inakuwa ndogo na joto linazaliwa pale. Kwa hiyo tazama kable pia. Kama joto iko kali kwa buloni na inapungua kadiri unaenda mbali nayo, kiungo ndicho kibaya. Kama kable yote iko na joto sawasawa, basi umeme unaopita ndani ni mwingi kupita nguvu yake. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa yao si moja.

Turudi kwa maji ya shefu. Kijana ameandika neno moja dogo mwisho wa barua, nami ninaona ndilo kubwa: siku ile nusu ya motere za tablo ile zilikuwa zimesimama, na hewa ilikuwa na degere 30. Basi buloni ilipita hewa kwa degere 38, na umeme ulikuwa nusu tu! Umeme ukiongezeka mara mbili, joto linalozaliwa ndani ya kiungo linaongezeka mara ine. Katika kazi yenyewe degere zile 38 zinaweza kupanda mara tatu hata ine. Ongeza hewa, utapita 140. Ngozi ya plastiki ya kable nyingi, ile PVC, imetengenezwa kwa shaba isiyopita degere 70. Tena mafundi wana kanuni: vyombo viwili vya namna moja, vyenye kubeba mzigo sawa, vikitofautiana kwa degere zaidi ya 15, vitengenezwe mara moja. Hapa tofauti ni 26. Ni vizuri ujue pia kwamba tablo isiyobeba hata asilimia 40 ya mzigo wake, picha yake inaweza kuficha ubaya.

Lakini kamera inadanganya pia. Shaba inayongʼaa ni sawa kioo: inaweza kukuonyesha joto la mwili wako mwenyewe, ao la taa. Songa hatua moja kando. Kama alama ya joto inakufuata, si ya buloni. Na usijaribu kukaza buloni ile umeme ukiwamo. Hapana kabisa. Mwali unaoruka ndani ya tablo unachoma mutu mbele hajapata kulia.

(Mama wa nyumbani hawana kamera, lakini wana pua. Prizi inayogeuka rangi ya kahawa, ao inayonuka plastiki kila mara resho inapowaka, ni ugonjwa uleule. Na musumari mahali pa fizibule, wababa, muutoshe leo.)

Basi, kijana wetu, andika. Sitakudanganya kwamba hatari ya kupoteza kazi haiko, iko. Lakini tablo ikiungua, mutu wa kwanza kuulizwa ni yule aliyebeba kamera, na ndugu wa zamu ya usiku ndiye atakuwa amesimama mbele yake. Usiandike maneno makali. Andika siku, saa, degere tatu, joto la hewa, na kwamba nusu ya motere zilikuwa zimesimama. Funga na picha, tia sahihi, chunga kopi. Shefu naye wanamudai tani zake kila jioni. Umuombe saa moja tu siku ile mashini zinasimama kwa matengenezo, umeme ukatwe, kiungo kisafishwe na kufungwa upya kwa kipimo. Kisha, motere zikianza tena, piga picha ya pili pahali palepale na mzigo uleule, uweke picha zote mbili ukurasa mumoja.

Namba ya pili, uniandikie.