"Haijafanyiwa Utafiti wa Kutosha"

Kila mwaka, tasnifu zinapofika mezani pangu, hukutana na sentensi ileile katika kurasa za mwanzo: "Mada hii haijafanyiwa utafiti wa kutosha." Mwanafunzi huiandika kwa unyenyekevu, msimamizi huipitisha bila kuinua kalamu, na mtahini huiruka akaenda kwenye uchambuzi. Mimi nadai kwamba katika taaluma yetu ya fasihi ya Kiswahili sentensi hiyo aghalabu si kweli, na wa kulaumiwa kwanza ni sisi tunaofundisha.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili, hapa Uingereza, aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu Utendi wa Tambuka. Alishikilia kwamba, ukiacha makala chache za karibuni, wataalamu wameupuuza. Nikamwuliza alitafuta neno gani katika katalogi. "Utendi wa Tambuka," akajibu, akinishangaa.

Tulikaa alasiri nzima. Utendi huo, ambao mswada wake mashuhuri ni wa 1728, haukuwahi kuwa na jina moja. Kuna wanaoandika utenzi, kwa z. Kuna wanaouita Chuo cha Herekali, kwa jina la mfalme wa Rumi anayesimuliwa humo. Carl Meinhof alipouchapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika Herkal. Jan Knappert, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1958, iliyoandikwa kwa Kiholanzi, alimwita Heraklios. Na kabla yao wote, mwaka 1854, Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kupeleka miswada ya Kiswahili Halle. Kila jina tuliloliandika lilileta kazi ambazo jina lililotangulia halikuzileta. Kufikia magharibi, "upengo" wa mwanafunzi wangu ulikuwa umejaa kwa lugha nne, naye alikuwa na swali jipya, zuri zaidi: kwa nini wasomi hao hawakuwa wakisomana?

Wenzangu watasema vijana wa leo ni wavivu. Hapana. Kijana huyu alikuwa amesoma kila kitu alichokiona. Hakuona kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba katalogi hutungwa na watu, na kwamba watu hao, kwa sehemu kubwa ya historia ya taaluma yetu, hawakuwa Waswahili. Mfano ni mashairi ya Muyaka. Aliyesaidia kuyahifadhi ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaeleza kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor. Baadaye William Hichens akayatoa kama diwani, Johannesburg, 1940. Sasa jaribu kumtafuta Sikujua katika katalogi, kisha umtafute Taylor, kisha Hichens, ulinganishe. Dhuluma hiyo ni ya kulalamikiwa, nami nailalamikia. Lakini mwanafunzi asiyeijua hawezi hata kuilalamikia, maana hatafika kwenye karatasi zenyewe.

Au chukua jarida linalotoka Dar es Salaam ambalo leo twaliita Kiswahili. Lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, likabadilishwa jina zaidi ya mara moja kabla ya kupata hili la sasa. Anayelitafuta kwa jina la sasa pekee huweza kuamini kwamba uhakiki wa Kiswahili ulizaliwa baada ya uhuru. Nimesoma tasnifu zinazodai hivyo. Zilifaulu.

Wengine hujitetea kwamba hiyo ni kazi ya wakutubi. Twafahamu wote ziara ile ya saa moja katika juma la kwanza: nywila, mashine ya kunakili, faini ya kuchelewesha kitabu. Nawaheshimu wakutubi mno, na mara nyingi wameniokoa. Lakini mkutubi anayehudumia idara nzima ya Asia na Afrika atajuaje kwamba Herekali na Heraklios ni mtu mmoja? Elimu hiyo iko kwetu. Tukiificha, tusishangae mwanafunzi anapoikimbilia mashine ya kuandika, ikamzulia makala isiyokuwepo, ndani ya jarida lililopo, pamoja na namba za kurasa. Mwaka huu nimepokea marejeo matatu ya namna hiyo.

Sisi tulio ughaibuni hatuna hata kisingizio cha uhaba. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua vitabu vya kanda yetu na kuvigawa kwa maktaba nyingine za Marekani. Riwaya ambazo ni taabu kuzipata madukani Mombasa zimekaa huko rafuni, chini ya PL8704, nyingine hazijawahi kuazimwa. Twende tukasimame mbele ya rafu hizo pamoja na wanafunzi wetu, tuguse kitabu cha kulia na cha kushoto cha kile tulichokifuata.

Nayasema haya nikiwa na doa langu. Katika tasnifu yangu ya udaktari niliandika sentensi hiyohiyo. Mtahini, mzee mpole, aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulitafuta kwa tahajia ngapi?" Nilisema moja. Alifunga tasnifu, akanipa miezi mitatu ya masahihisho, na miezi hiyo ilinifundisha zaidi ya miaka minne iliyoitangulia.

Kuanzia muhula ujao, atakayeniletea sentensi hiyo ataiambatanisha na ukurasa mmoja: majina yote aliyoyatafuta, tahajia zake zote, lugha, katalogi, na tarehe. Ukurasa huo nitautoza alama. Nimeliwasilisha pendekezo hili katika kikao cha idara, nikaambiwa litawaongezea wasimamizi kazi. Litawaongezea, ndiyo.