Kabla ya kununua mwangaza, angalia ganda la tochi



Juma lililopita nilikuwa nimeketi kwa fundi mmoja wa radio, sokoni Kadutu. Akaja mama aliyekimbia vita upande wa Kalehe, ambaye sasa amepokelewa na familia moja pamoja na watoto wake. Alileta tochi ya plastiki, ile ya kuchomeka ukutani. Aliinunua franka 6,000 na haikuwa imemaliza miezi miwili, lakini mwangaza ulikuwa umefifia kabisa.

"Fundi, niongezee mwangaza," akasema.

Fundi akaigeuza mara mbili, akamrudishia. "Mama, hii haifunguki. Wameifunga na gundi. Nikiivunja, sitapata pa kuweka kitu kingine."

"Basi niitupe?"

Fundi alinyamaza. Mimi sitanyamaza, maana franka 6,000 kwa mtu aliyeacha shamba lake si pesa ya kutupa. Maoni yangu ni haya: mtu mwenye pesa kidogo asinunue mwangaza, anunue ganda. Mwangaza fundi ataongeza. Ganda baya halitengenezeki.

Najua sokoni tunafanya kinyume. Muuzaji anawasha tochi mchana, anatumulika machoni, tunashangaa, tunalipa. Kwenye karatasi wameandika namba kubwa kubwa. Hakuna anayeomba kuifungua.

Kwanza, omba kuifungua. Tochi nzuri ya kuboresha inafunguka nyuma, panapoingia betri, na mbele, penye kioo na taa. Kama kichwa hakifunguki, fundi hawezi kubadilisha ile taa ndogo ya LED. Ikataeni, hata kama inawaka kama jua.

Pili, chagueni chuma, hasa alumini. Watu wengi wanadhani LED haipati joto kwa sababu haichomi kama ampuli ya zamani. Si kweli. LED yenye nguvu inatoa joto nyuma yake, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, taa inafifia na mwisho inakufa. Alumini inalivuta joto mpaka mkononi mwako. Plastiki inalifungia ndani. Kuna plastiki zilizopakwa rangi ya fedha zinazodanganya macho. Shika: chuma ni baridi mkononi. Kwaruza kidogo upande wa ndani kwa ufunguo: rangi ikitoka na plastiki ikaonekana, mrudishie mwenyewe.

Tatu, angalieni betri inayoingia. Zile tochi za kuchomeka ukutani, nyingi zina betri ndogo ya risasi ndani. Ukiiacha bila umeme majuma mengi inaharibika, na huku kwetu umeme unaweza kukosekana siku nyingi. Ni heri bomba linalopokea mawe ya kawaida yanayopatikana kila duka. Tochi ya zamani ya mawe mawili makubwa ni ganda zuri sana: bomba lake ni pana, karibu milimita 34, kwa hiyo betri ya lithiamu inayotoka kwenye laptopu ya zamani, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, inaingia humo ikizungushiwa kipande cha bomba la plastiki. Nafasi inayobaki fundi anaijaza kwa kipande cha chuma.

Nne, bonyezeni swichi mara kumi na mtazame springi. Kama taa inachezacheza sasa hivi, usiku itakuacha njiani.

Hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Mawe mawili mapya yanatoa volti 3. Betri moja ya lithiamu iliyojaa inatoa volti 4.2. Ukiiweka moja kwa moja kwenye ampuli ya zamani, inaungua papo hapo. Ukiiweka kwenye LED bila kitu cha kupunguza nguvu, itawaka sana, utafurahi, halafu itakufa. Mwambie fundi aweke kipunguza umeme katikati. Ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Tena, betri ya lithiamu si mchezo. Iliyovimba, iliyobonyea au iliyochubuka ngozi yake, usiitumie. Usiichaji kwa waya wa kubahatisha, wala usiku mkiwa mmelala. Nunua chaja yake inayojizima yenyewe ikifika volti 4.2. Na ukiona betri ya ukubwa huo imeandikwa 9,900, jua ni uongo: hata viwanda vikubwa havijafika nusu ya hapo. Nyumba zetu za mbao zimebanana kwenye vilima hivi, na sote tunajua moto wa Bukavu unavyokimbia. Tunaacha mshumaa ili tusiungue; tusilete moto mwingine ndani ya tochi.

Wengine wataniambia: simu ina taa, tochi ya nini? Nawajibu kwamba kwa familia iliyotawanyika, simu ndiyo njia ya kusikia kama baba yuko hai na kama kijijini kumetulia. Ukiimaliza chaji ukienda chooni, habari ile itapita bila wewe.

Wengine wanataka tochi inayomulika mlima wa pili. Ya nini? Mama anayetoka usiku anahitaji kuona hatua kumi mbele, tope, ngazi, na mtu aliyesimama pembeni. Taa kali kupita kiasi inamaliza betri upesi, na katika inchi yenye watu wa bunduki, inamwonyesha pia mwenye kuibeba. Mwangaza wa kadiri unaodumu usiku kucha ni bora kuliko radi ya dakika ishirini.

Kwa wanaogawa misaada, nasema kwa heshima: asanteni kwa tochi mnazoleta. Lakini kabla ya kuagiza nyingine, mpelekeeni moja fundi wa sokoni na mmuulize swali moja tu: "Unaweza kuifungua?" Akisema hapana, mnagawa takataka za kesho, na betri zake zitachezewa na watoto wetu.

Yule mama aliondoka na tochi yake mfukoni, giza likianza kuingia. Fundi alimwambia arudi, atamtafutia ganda la chuma lililotumika. Nami nitapita kuona kama amelipata.

Ni mwandishi wenu wa Bukavu.