Acheni Kutupa Watu Amri za Kukopi

Wasee, nimechoka na hizi video za "rekebisha intaneti ya Ubuntu chap chap". Unaambiwa fungua /etc/resolv.conf, bandika 8.8.8.8, seva, kwisha. Mtandao unarudi. Kesho unawasha kompyuta, umekatika tena. Halafu unaambia kila mtu Linux ni takataka.

Linux haijakukosea. Maelezo ya juu kabisa kwa hilo faili yanasema usilihariri, linasimamiwa na systemd-resolved. Aliyekufundisha aliyaona akayaruka, juu kueleza hakuleti watazamaji. Na mimi natengeneza video, kwa hivyo najisema pia. Lakini kuna mtu anatufuata na bando lake la mwisho. Huyo tunamwonea.

Kwanza jua shida iko wapi. Piga ping 1.1.1.1. Ikijibu, kisha ping ya jina la tovuti ikatae, intaneti unayo. Kilicholala ni DNS, ile inayogeuza jina kuwa namba. Sasa ingia mipangilio ya WiFi, sehemu ya IPv4, zima DNS ya otomatiki, andika yako hapo, hifadhi, kata WiFi uiunganishe tena. Hiyo itakaa hata ukizima mashine.

Dakika tano tu, na wiki ijayo hutahitaji video ya mtu.

Programu huria inakuruhusu kufungua na kuona ndani. Ukiweka sudo kwa amri hujaisoma, umempa mgeni ufunguo wa nyumba. Soma kwanza, ndio ubonyeze Enter.