Kutupa Valium Chooni Si Ushujaa

Kuna ushauri unaogawiwa bure vijiweni, kwenye nyumba za ibada na hata sebuleni kwa wasomi: dawa ya kutuliza ukishaichoka, itupe leo leo. Mwenye nia haachi robo robo. Arosto ni ya mateja. Mgonjwa wa mgongo aliyeandikiwa vidonge na daktari, kwa karatasi yenye muhuri, ataiogopea nini? Watu huupenda ushauri huu kwa sababu unanukia ujasiri. Mimi nasema ni ushauri mbaya, na wapo ambao unaweza kuwatoa roho.

Nazungumzia diazepamu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium, pamoja na ndugu zake kama klonazepamu na lorazepamu. Valium iliingia sokoni mwaka 1963, mali ya kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi. Inapunguza wasiwasi, inazuia degedege na kulegeza misuli iliyokaza. Ndiyo maana wanaoimeza si wenye hofu peke yao. Yumo aliyeumia uti wa mgongo, yumo ambaye kiuno kilimbana asubuhi moja akashindwa kuinuka, na yumo aliyepewa ya wiki mbili akajikuta anaendelea nayo mwaka wa tatu.

Washauri wetu wanadhani ubongo unasoma cheti cha daktari. Hausomi. Kidonge kiwe kimetoka famasi au kwa muuza unga, kazi yake kichwani ni ile ile. Dawa hizi huipa nguvu kemikali iitwayo GABA, ambayo hupoza mishipa ya fahamu. Zikimezwa kila siku kwa wiki na miezi, ubongo nao hujipanga upya: hupunguza usikivu wake kwa utulivu huo na kuongeza msisimko ili mizani irudi sawa. Ni kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa upande wa pili. Ukiuachia ghafla, anapiga mweleka. Hapo usingizi unapotea, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Wengine huona visivyokuwepo, na wengine huanguka degedege.

Kwa aliyepewa dawa hii kwa ajili ya misuli, pana mtego zaidi: misuli inakaza upya, pengine kuliko mwanzo. Mgonjwa anaamini maradhi yamerudi, kumbe sehemu ya maumivu hayo imeletwa na namna alivyoacha. Anarudia kidonge, mara nyingine kwa dozi kubwa zaidi. Mtaani wanamwita dhaifu, naye anakubali.

Imani hii inadumu pia kwa sababu mashahidi wake husema mapema mno. Diazepamu haitoki mwilini haraka. Yenyewe na mabaki yake yanayofanya kazi huchukua siku nyingi kwisha. Aliyetupa vidonge Ijumaa anaweza kusimama Jumapili mbele ya waumini akiwa mzima kabisa, akapigiwa makofi. Misukosuko ikimfika wiki inayofuata, yuko kitandani peke yake, na maikrofoni imeshapewa mwingine.

Wala hii si habari mpya. Mwaka 1961, kabla Valium haijafika madukani, daktari Mmarekani Leo Hollister na wenzake waliripoti habari za wagonjwa waliokuwa wakitumia dozi kubwa za Librium, dada mkubwa wa Valium. Wagonjwa 11 walikatishiwa ghafla bila kujua. Kumi walipata dalili za arosto, wawili wakapata degedege. Ubongo wao uliitikia hata pale ambapo nia haikuhusika kabisa.

Barbara Gordon, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni mjini New York, alianza Valium kwa sababu ya mgongo. Miaka ikapita, dozi ikapanda. Alipoamua kuachana nayo, daktari wake alimshauri akate mara moja, naye akatii. Aliishia kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na kisa chake akakisimulia katika kitabu cha mwaka 1979, I'm Dancing as Fast as I Can. Mama yule hakupungukiwa nia. Alikuwa nayo tele, na ndiyo iliyomponza.

Njia iliyo salama inajulikana. Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wa namna hii huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, akiwapunguzia dozi taratibu kwa kasi ambayo kila mmoja aliimudu. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 katika wiki 2. Anayemeza miligramu 20 kwa siku, basi, hatua yake ya kwanza haizidi kushuka hadi 18, kisha anatulia na kuangaliwa. Mwili ukilalamika, anabaki kwenye ngazi ile mpaka upoe. Safari inaweza kuchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Wapinzani watasema kupunguza polepole ni kisingizio cha kuendelea kumeza. Kwa mtu asiye na ratiba, wana hoja. Nusu leo, viwili kesho kwa kuwa siku ilikuwa ngumu, kuruka siku mbili kisha kufidia: huko ni kuyumba. Kupunguza kwa kweli kuna karatasi yenye tarehe, saa zisizobadilika, miadi ya kumwona daktari, na mtu wa nyumbani anayejua kinachoendelea. Hakuna pombe wala tramadoli ya kuziba pengo, maana mchanganyiko huo unaweza kuzima pumzi. Wala mtu hajibadilishii mwenyewe kwa baklofeni, dawa nyingine ya misuli, kwani nayo ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege.

Aliyeimeza siku chache tu baada ya shingo kukaza kwa kawaida hahitaji ratiba ya miezi. Na aliyevunjika uti wa mgongo pengine hatafika sifuri. Kwake dozi ndogo inayomwezesha kulala na kukaa kwenye kiti ni ushindi halali. Yote hayo yaamuliwe na anayemtibu.

Lawama nyingine iende kwa waliomfungulia mgonjwa mlango. Tangu mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri dawa hizi zitumike kwa wiki 2 hadi 4 tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika New York, uliona kwamba kuwaongezea diazepamu wagonjwa wa maumivu mapya ya kiuno waliokuwa wakipewa naproksini hakukuwasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Daktari anayeandika kidonge cha kwanza aandike na siku ya mwisho. Na muuza dawa aliyekuuzia miaka miwili bila kuuliza, kisha asubuhi moja akapatwa na uchaji Mungu na kukunyima, hajakuokoa. Amekukatia ghafla, sawasawa na anayekushauri utupe chooni.

Kwa hiyo ukikutana na mtu aliyeazimia kuachana na vidonge vyake, usimwambie avitupe. Mwambie avihesabu, na hesabu hiyo aipeleke kwa daktari kabla pakti haijaisha.