Barazani: Giza la Saa Kumi

Najua wengi mmejichimbia maktaba, kwa hiyo leo sitawachosha.

Lugha yetu huhesabu saa kwa kufuata jua. Likichomoza, siku imeanza. Likizama, tunasema saa kumi na mbili jioni. Hesabu hiyo ni ya watu wa karibu na ikweta, ambako jua halina visa. Hapa Ujerumani inatuvunjikia mikononi. Berlin, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na ikifika saa kumi jioni limeshazama. Nyumbani saa kumi ndipo vijana wanakwenda uwanjani. Hapa mwili unadai kitanda. Usijiite mvivu. Toka nje mchana hata dakika 20, hata mawingu yakitanda, maana mwanga wa nje unazishinda taa za maktaba.

Giza, hata hivyo, tutalizoea. Kubwa zaidi ni mitihani. Katika vyuo vikuu vingi muhula wa baridi huanza Oktoba 1 na kwisha Machi 31. Vipindi husimama mwezi Februari, kisha pepa zinafululiza. Tuliosoma Tanzania tulizoea koswek: unaingia mtihani wa mwisho ukiwa na alama zako kibindoni. Hapa mara nyingi somo zima linasimama juu ya mtihani mmoja. Alama nazo zimepinduliwa: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umeponea chupuchupu, 5.0 umefeli.

Tena hakuna wa kukuandikisha. Unajisajili mwenyewe kwa kila mtihani, na tarehe ikipita, imepita. Kozi nyingi zinakuruhusu kujitoa kabla ya siku fulani. Ukishajisajili kisha usitokee bila sababu, unaandikiwa 5.0. Ukiumwa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo, uchukue cheti, ukipeleke ofisi ya mitihani bila kuchelewa. Usijikaze kuingia na homa, kwa kuwa ukishaufanya, matokeo yanahesabiwa.

Nyumbani tunajua sapu, na tunajua disko. Disko ya hapa ni kali kuliko ile. Nafasi za kufanya mtihani zina kikomo, mara nyingi jumla yake ni 3. Ukishindwa ya mwisho katika somo la lazima, unaondolewa kwenye kozi, na kwa kawaida chuo kingine cha Ujerumani hakiwezi kukupokea kwa kozi ileile. Kibali chako cha kuishi nacho kimefungwa na masomo.

Ndiyo maana ukimya wetu unanitia hofu. Simu ya Jumapili inalia: "Mwanangu, masomo vipi?" "Salama tu, mama." Mama amefarijika, na wewe umebaki na siri yako. Kumlinda mama si kosa. Lakini kama umefeli mara mbili, kuna watu wa hapa wanaopaswa kujua kabla ya mara ya tatu: mshauri wa masomo wa idara yako, na washauri wa huduma za wanafunzi, ambao hawatoi siri zako nje. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha sapu naye huumbuliwa na barua ya chuo.

Na desa zipo. Wawakilishi wa wanafunzi katika idara nyingi huweka mitihani ya miaka iliyopita. Kaombe, uifanye ukiwa umewasha saa, halafu mpitie majibu na mwenzako.

Kwenu walimu, nina ombi moja. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kunyamaza mbele ya mwalimu ni adabu. Mnapouliza "Kuna swali?" na darasa likawa kimya, msidhani tumeelewa. Mtuulize mmoja mmoja, mlangoni, tukitoka.

Wanachama, kabla hujalala leo fungua kanuni za kozi yako. Andika tarehe ya mwisho ya kujisajili, tarehe ya mwisho ya kujitoa, na nafasi ulizobakiza. Mwenye namba ya kutisha anitafute tukikutana klabuni. Chai ya tangawizi ipo, na tutakwenda kwa mshauri pamoja.

Kila la heri kwenye pepa.