Baridi ya Ziwani Haipigi Hodi

Ndugu msomaji, kipupwe kikiingia, sisi wa Shinyanga hatuhitaji kutazama kalenda. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma mkavu, vumbi hupanda, na mwenda kazini hujikunja ndani ya sweta alfajiri. Ndiyo miezi ya pamba kwenda sokoni na ya wengi kuchukua likizo. Wafanyakazi wa Kahama, Kakola na Geita hufunga mizigo yao kwenda kuwasalimu wazee walioko kando ya Ziwa Victoria na visiwani. Safari huanza kwa basi, na kwa wengine humalizikia ndani ya mtumbwi.

Nami niliwahi kuwa mmoja wa abiria hao. Ilikuwa mwezi wa Julai, tukienda kisiwani kumzika mjomba. Tulifika mwaloni jua likizama, tukakuta mtumbwi mmoja tu umebaki. Nahodha, mzee mwenye mvi, aliyatazama maji, kisha akatutazama sisi.

"Wanangu," akasema, "upepo umegeuka. Tulale hapa, tuvuke alfajiri."

"Mzee wetu," shemeji yangu akamjibu, "maiti haiwezi kutusubiri."

Neno la msiba ni zito. Mzee akashindwa kulikataa. Tulikuwa watu kumi na wanne pamoja na magunia mawili ya mchele. Majaketi ya kuokolea yalikuwa mawili, nayo yalikuwa yamekaliwa kama mito. Hakuna aliyeyavaa, kwa kuwa kila mmoja aliona haya kuonekana mwoga mbele ya wenzake.

Tulipofika katikati ya mkondo, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Tulikumba maji kwa dumu lililokatwa, lakini yaliyoingia yalizidi yaliyotoka. Mtumbwi ukapinduka. Namshukuru Mungu kwamba ulikuwa wa mbao, haukuzama; tukaushika. Kijana mmoja miongoni mwetu, muogeleaji hodari aliyekulia ziwani, akaona taa za ufukweni. "Si mbali," akasema, "nakwenda kuita msaada." Tulimsihi abaki, naye hakusikia. Sisi tuliobaki tuliokolewa na wavuvi wa dagaa baada ya muda ambao sitausahau. Kijana yule alionekana siku ya tatu. Badala ya kaburi moja, tulichimba mawili.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kila inapotokea ajali ya maji, husikia watu wakifarijiana kwa methali kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni nzuri kwa mfiwa, maana humwondolea lawama zisizofaa. Lakini mtu anapoitumia kabla ya safari, huwa ameigeuza kuwa ruhusa ya uzembe. Sisi tulikuwa na kinga tatu usiku ule: ushauri wa nahodha, majaketi mawili ambayo yangeweza kuvaliwa na wasiojua kuogelea, na mtumbwi wenyewe baada ya kupinduka. Mbili tulizikataa. Ya tatu ndiyo iliyotuokoa, na aliyeiacha hakurudi.

Jambo la kwanza ambalo kila familia yapasa kulielewa ni hili: maji ya ziwa letu hupokonya joto la mwili hata kama mkono ukiyagusa huyaona ya uvuguvugu. Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kipupwe upepo huyachanganya maji ya juu na ya chini, na joto lake huweza kushuka hadi nyuzi 24 hivi. Mwili wa binadamu huhitaji nyuzi 37. Tena maji huchukua joto la mwili kwa kasi inayofikia mara 25 ya ile ya hewa. Ndiyo sababu mtu aweza kukaa barazani usiku kucha kwa nyuzi 24 asipate dhara, lakini akikaa majini muda huohuo atatoka akitetemeka, au hatatoka kabisa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, huo tayari ni ugonjwa: vidole hukosa nguvu ya kushika, ulimi huwa mzito, na akili huanza kuamua mambo ya ajabu.

Katika nchi za barafu kama Kanada, wataalamu huwafundisha wapanda mitumbwi kwamba anayetumbukia katika maji yaliyokaribia kuganda ana dakika 1 ya kutuliza pumzi zake, dakika 10 hivi za kutumia mikono yake vizuri, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Baridi ya huko ni jambazi, huvunja mlango. Baridi ya ziwa letu ni mwizi. Huingia polepole, haipigi hodi, na mwenye nyumba hushtukia vitu vimekwisha. Kwa sababu haitishi, ndiyo maana haiogopwi. Muogeleaji hodari huanza safari akiwa na nguvu zake zote, na katikati ya njia mikono humwishia.

Isitoshe, usiku majini macho hudanganya. Taa iliyo mbali huonekana kana kwamba iko karibu, na anayeogelea dhidi ya mawimbi huenda asijue kwamba harudi wala haendi.

Taifa letu limekwisha kulia vya kutosha katika ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, watu wakiona kwa macho kutoka ufukweni. Kivuko kile kilikuwa cha kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu wa kuifafanua. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na msafiri wa Geita kwenda Mwanza akaondokana na foleni ya kivuko. Hata hivyo, daraja moja haliwezi kufika kila kisiwa. Walio mbele ya Nkome, Chato na Buchosa bado wanategemea mtumbwi, na mtumbwi una kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kumtii nahodha anaposema hapana. Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka nyumbani, kisha muulize nahodha. Kama msiba au harusi inakuharakisha, kumbuka kwamba waliokuita wanakutaka ufike, hata ukichelewa.

Kanuni ya pili ni kuhesabu. Tazama umbali kati ya ukingo wa mtumbwi na maji. Ukiona kwamba kiganja chako kinatosha kuujaza, mtumbwi huo umekwisha kujaa, hata nahodha akikuambia nafasi bado ipo. Shuka. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

Kanuni ya tatu ni jaketi la kuokolea. Livae na ulifunge kabla ya kupanda. Si la kukalia wala la kuweka chini ya miguu. Ndani ya maji yenye mawimbi ni vigumu sana kulivaa, na vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kufunga kamba. Familia inayosafiri ziwani kila mwaka na ifanye kama inavyofanya kwa sare za shule: iweke akiba kidogo kidogo, inunue majaketi yake, la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Asiyepata kabisa na asipande bila dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara na kutiwa kamba ya kushikia. Dumu si badala ya jaketi, lakini lina nguvu ya kumshikilia mtu mzima juu ya maji.

Akina mama, nawaomba mnisikilize hapa. Mtoto asifungwe mgongoni kwa mbeleko ndani ya mtumbwi. Mama akianguka majini na kuelea chali, mtoto huwa chini yake. Mpakate mbele, avae jaketi lake, na mbeleko imfunike tu dhidi ya upepo. Viatu vizito na mabuti ya mpira yavuliwe. Filimbi, tochi na simu iliyofungwa isipenywe na maji viwe mwilini, visiwe ndani ya mzigo. Namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Na chupa ibaki nchi kavu. Pombe hufanya mtu ajisikie ana joto kwa kuwa huisukuma damu kwenye ngozi, na huko ndiko joto linakoibwa. Mlevi majini hupoa upesi huku akijiona shujaa.

Mtumbwi ukipinduka, tuliza kwanza pumzi. Usipige kelele ovyo ukameza maji. Kisha ushike mtumbwi, na kama unaweza kupanda juu yake, panda, kwa maana kila sehemu ya mwili iliyo nje ya maji inahifadhi joto. Mtumbwi huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Wenye majaketi wakunje magoti kifuani na kubana mikono. Wakiwa wengi, wakumbatiane katika duara, watoto wakiwa katikati. Usivue nguo, kwani nguo hupunguza mwendo wa maji kwenye ngozi. Wala usiogelee kwenda ufukweni kwa sababu tu unauona.

Aliyeokolewa naye ana haki yake. Mlaze chini, mvue nguo mbichi, mfunike mablanketi au khanga kavu kuanzia kifuani, kichwa kisisahauliwe. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimsogeze karibu na moto mkali, na usimpe pombe. Asiyepumua asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Hayo hupoteza muda tu. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, umpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu, pumzi 2, tena 30, bila kuchoka, hadi msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia baadaye.

Ndugu msomaji, haya yote si mambo ya mabaharia peke yao. Ni mazungumzo ya mezani, baba na mama na watoto, jioni moja kabla ya likizo. Yule nahodha mzee bado namkumbuka. Baada ya maziko hakutulaumu kwa neno lolote. Alikuja matangani, akaketi kando yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ziwa halina haraka. Haraka ni yetu."

Likizo njema, na mfike salama.